Tkachev si ya kujivuta

Jana mzazi mmoja alinisubiri nje ya ukumbi. "Kocha, mwanangu anajivuta mara ishirini bila kupumzika. Tkachev ataanza lini?" Nimeulizwa hivi mara nyingi mno. Leo naandika, kesho nitatuma kiungo tu.

Tkachev, mruko wa jimnastiki wa kuuachia ufito, kupita juu yake na kuudaka tena, haimtaki mtu wa kujivuta. Ukijivuta unausogelea ufito, nao utakupokea kwa meno.

Tazama taratibu. Mchezaji anashuka na mzunguko mkubwa wa kinyumenyume. Akipita chini, kifua kinatangulia na miguu inabaki nyuma, halafu anaichapa mbele kama mjeledi. Hadi hapo tuko pamoja. Sasa wakati anapanda, anausukuma ufito, mabega yanafunguka, anaachia, na mzunguko unageuka: mwili unapinduka kwenda MBELE huku unasafiri kwenda NYUMA. Soma tena sentensi hiyo. Miguu imetanuliwa, ufito unapita chini ya makalio, macho yanauona kabla mikono haijaudaka. Hapo ndipo ulipo ujanja wote wa Aleksandr Tkachev, Mrusi aliyeuonyesha ulimwengu mruko huu miaka ya 1970, na wala haukai kwenye misuli ya mkono.

Aachie lini hasa? Vitabu vinachora pembe na mishale. Mimi huwaambia "achia ukiviona vidole vya miguu", na kuna waliodaka bila kuviona. Nimeona mbinu ya aibu ikidaka mara tano mfululizo, na mbinu safi ikilala kifudifudi kwenye godoro. Nikidai jambo hili nimelimaliza, nitakuwa mwongo.

Na tafadhali, msinichanganyie na Korbut. Olga Korbut ni wa Grodno, Belarusi, ingawa mnamwita Mrusi. Kwenye Olimpiki ya Munich 1972 alisimama kwa miguu juu ya ufito wa juu (wanawake huchezea fito mbili, wa chini na wa juu), akapiga samasoti ya nyuma, akaudaka ufito uleule. Uzuri wake sina ubishi nao. Lakini ulianzia kwenye kusimama, kanuni za leo zinaukataza, na ukoo wake umekatika.

Tkachev inatoka ndani ya mzunguko wenyewe, kwa hiyo inazaa: badilisha namna ya kuingia, badilisha umbo la mwili hewani, umepata mruko mwingine. Tatiana Nabieva aliupiga kwenye mashindano ya dunia ya Rotterdam 2010 akianzia na nyayo kwenye ufito, kisha mwili umenyooka kama mkuki, wala hakukunja kiuno. Ukoo wa mruko wa Shaposhnikova nao, wa kuruka kinyumenyume kutoka ufito wa chini kwenda kuudaka wa juu, una wajukuu wengi. Viktoria Komova ameongeza wake.

Yule mzazi nilimwambia mtoto aache kujivuta wiki mbili, aje tufanye kuchapa miguu tu. Baba alinuna. Mtoto alikuwa ameshaanza kuvua viatu.