Alimwacha, au alipitiwa?

Wiki iliyopita ilikuwa mara ya nne tangu joto la mwaka huu lianze. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Texas mtu alileta habari ya mtoto aliyefia ndani ya gari huku baba yake akiwa kazini. Kabla sijamaliza kuisoma, dada mmoja akatuma sauti: "Mwana nimzae kwa uchungu halafu nimsahau? Labda niwe nimekufa." Vidole gumba vikamiminika. Mwingine akaongeza kuwa haya ni mambo ya Wazungu, hawana habari na watoto wao. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikaandika jibu refu, nikalifuta, nikalala. Nilipoamka bado lilikuwa limenikaa kooni, ndiyo maana naliandika hapa.

Mimi ni muuguzi wa dharura ya watoto, mzaliwa wa Tanga, mwaka wa 11 sasa niko Houston. Texas ndiyo inayoongoza Marekani kwa vifo hivi. Tangu 1998 zaidi ya watoto 1,000 wamekufa kwa joto ndani ya magari katika nchi hii, wastani wa kama 37 kila mwaka. Hesabu hiyo tunayo kwa sababu mtaalamu wa hali ya hewa wa California, Jan Null, aliamua kuwahesabu mmoja mmoja. Zaidi ya nusu walisahauliwa. Karibu robo waliingia garini wenyewe wakakwama humo. Waliobaki, karibu mmoja kati ya watano, waliachwa na mtu aliyejua kabisa kuwa amewaacha. Mafungu haya matatu ni mambo matatu tofauti, na kila mara tunayatia kwenye kapu moja.

Ya joto nitayapita haraka. Joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kama nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 za mwanzo. Null na madaktari wawili walichapisha vipimo vyao mwaka 2005: siku ya nyuzi 22 tu nje, ndani ya gari ilifika takribani 47 kwa saa moja, na kuteremsha kioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Kivuli kinachelewesha tu. Vipimo vya Arizona vya mwaka 2018 vilikadiria kuwa mtoto wa miaka miwili hufikia joto la hatari kwa saa moja hivi juani, na chini kidogo ya saa mbili kivulini. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wetu. Na joto hili si homa. Kwenye homa ubongo wenyewe umeamua kupandisha. Hapa ubongo unahangaika kushusha na umeshindwa. Panado haifanyi kitu. Mtoe, mvue, mmwagie maji, mpepee, na mtu apige 911, namba ya dharura ya hapa Marekani, wakati huohuo.

Sasa nije kwenye kitenzi, kwa sababu kitenzi ndicho kinachoniudhi. Habari hizi zikiandikwa kwa Kiswahili huniletea "amwacha mtoto ndani ya gari", na wenye ukali zaidi huandika "amtelekeza". Kuacha ni tendo la mtu anayejua. Unaacha kazi, unaacha mlango wazi, unaacha mke. Kutelekeza ni kuacha na kugeuza mgongo. Kumbe lugha yetu hiihii ina neno ambalo wenzangu Wamarekani hawana mfano wake, na kila nikijaribu kuwaeleza hutumia dakika nzima: kupitiwa. Mtu amepitiwa na usingizi. Samahani, nilipitiwa. Hakuna anayepanga kupitiwa. Kitu kimepita juu yako, na hukukiona kikipita. Wazee walisema shetani kampitia. Mimi nasema mazoea yamempitia.

David Diamond, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha South Florida, ameichunguza hali hii kwa miaka mingi. Anavyoieleza, kichwani mna mifumo miwili ya kumbukumbu inayoshindana. Mmoja ni wa mazoea, ule unaokufikisha kazini ukiwa unawaza kodi ya nyumba. Mwingine ndio unaobeba nia ya leo: leo mama yake hayupo, nimpitishe mtoto kwanza. Mtu akiwa hakulala, ratiba imebadilika, mtoto kasinzia kimya nyuma, mfumo wa mazoea unashika usukani na ile nia inazimika. Linalofuata ndilo watu hawalielewi hata nikilirudia mara kumi: mzazi huyo hajasahau kuwa ana mtoto. Anaamini mtoto yuko kwenye kituo cha kulelea watoto. Kutwa nzima anamtaja kwa wenzake, anatazama picha yake kwenye simu, moyo umetulia kabisa. Baba mmoja niliyekaa naye koridoni alikuwa amenunua kopo la maziwa njiani, akienda kumchukua mtoto kituoni.

Kwa hiyo mkiniambia "mimi nampenda mno mwanangu", mnajibu swali ambalo halikuulizwa. Yule baba alimpenda. Upendo haukuwa na kazi ya kufanya asubuhi ile, kwa sababu upendo haukujua kuna jambo lililoharibika. Wenzangu Wakristo hunitolea Isaya 49:15, kwamba mwanamke hawezi kumsahau mtoto anyonyaye. Someni mstari hadi mwisho. Pale pana swali, na jibu lake liko palepale: naam, waweza kusahau.

Nikiri lililo wazi. Maelezo ya Diamond nayaamini, lakini hakuna wa kuyapima kwa jaribio. Huwezi kuchukua wazazi 100 uwanyime usingizi uone nani atasahau. Yamejengwa juu ya elimu ya kumbukumbu kwa jumla na simulizi za wazazi baada ya msiba, na mtu baada ya msiba husimulia kile anachoweza kukibeba. Nayaamini zaidi kwa sababu ya barabara ya 288, ninayorudia nyumbani. Mara nyingi nimetoka zamu ya urefu wa saa 12 nikajikuta nimeegesha nyumbani, nisikumbuke taa hata moja niliyosimama. Mwaka mmoja wa zamu hizo mwanangu alikuwa na miezi tisa. Hakuwa nyuma yangu kwa sababu moja tu: baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka. Sijapata njia ya kuigeuza bahati ile kuwa sifa yangu.

Na hili la "Wazungu" ndugu zangu tulizike. Mama yangu alitubeba mgongoni kwa kanga. Mtoto wa mgongoni anajikumbusha mwenyewe: ana uzito, ana joto, anakuvuta nywele. Kwenye daladala yuko mapajani. Hapa Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wengi walikaa kiti cha mbele, pembeni ya dereva. Kisha mifuko ya hewa ya mbele, ile inayofumuka gari likigonga, ikaua watoto, ikashauriwa wakae nyuma, wachanga wakitazama nyuma. Ushauri ule ulikuwa sahihi na umeokoa wengi. Asiniambie mtu kesho kuwa nimesema kiti cha mtoto kitupwe. Lakini kiti kinachotazama nyuma, ukikiangalia kutoka kwa dereva, kinafanana kikiwa kitupu na kikiwa na mtoto. Tofauti ya bibi yangu na mama wa Houston iko hapo, wala haiko moyoni. Dar na Nairobi sasa viti hivyo vinanunuliwa, vioo vimewekwa tinti, akina mama wanaendesha wenyewe saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni. Mnafikiri kitaendelea kuitwa kitu cha Wazungu hadi lini?

Tena nyumbani kuna magari ya shule. Kwingine yameshaua: Qatar, Septemba 2022, mtoto wa miaka minne alisahauliwa ndani ya basi la shule mjini Al Wakrah, akafa. Mwezi huohuo Japani, mji wa Makinohara, mtoto wa miaka mitatu, basi la chekechea. Korea Kusini 2018, hivyohivyo. Watu wazima walikuwepo, kila mmoja akidhani mwenzake amehesabu. Kuanzia Aprili 2023 Japani ililazimisha mabasi ya chekechea yawe na kifaa cha kuzuia mtoto kusahauliwa, kikiwemo king'ora kinachomlazimu dereva atembee hadi kiti cha mwisho ndipo akizime. Hiace yetu yenye watoto 20 na matroni mmoja haihitaji king'ora ili mtu atembee hadi nyuma. Inahitaji mwenye shule aseme ni lazima, na amkague anayepaswa kutembea.

Fungu la walioingia wenyewe: funga gari hata likiwa uani, funguo ziwe juu, na lile gari bovu lililoegeshwa miaka minne ambalo watoto hujificha wakicheza kombolela, milango yake ifungwe. Mtoto akipotea, anzeni kwenye maji, kisha kwenye magari, na buti mfungue.

Nikija kwenye fungu la tatu, huruma yangu inapungua. Huyu ndiye aliyeacha kweli. "Naingia dukani dakika tano, nimemwachia kiyoyozi." Sheria ya Texas inasema ni kosa kumwacha kwa kujua mtoto wa chini ya miaka 7 ndani ya gari zaidi ya dakika 5 bila mtu wa miaka 14 au zaidi. Kinachonichoma ni kwamba kwenye kundi letu huyu ndiye anayetetewa: jamani alikuwa na mifuko, mtoto kalala, kumwamsha ni shida. Aliyepitiwa tunamwita muuaji, na aliyejua tunamwonea huruma kwa sababu sote tumewahi kufanya kama yeye. Tumeigeuza juu chini.

Je, aliyepitiwa hana jukumu? Analo. Anayelala akiendesha naye hakupanga kulala. Mahakama za Marekani zimegawanyika vibaya hapa: kaunti moja humfungulia mzazi mashtaka ya kuua bila kukusudia, nyingine humwacha azike mwanawe, kwa visa vinavyofanana. Mimi naona jukumu liko kabla ya safari: kukubali kuwa linaweza kunipata, na kujiwekea kinga. Baada ya hapo sijui gereza linamfundisha nini mtu yule, wala linamzuia nani, maana asiyeamini kuwa atasahau hatishwi na adhabu ya kusahau. Na kuna jambo linalonikosesha raha. Mwili wa mtoto hauniambii mzazi alikuwa anawaza nini. Aliyesahauliwa na aliyeachwa makusudi wanafika mezani kwetu wakiwa sawa. Inawezekana nimewahi kumshika mkono mtu ambaye hakustahili.

Kuhusu vifaa, Italia tangu 2019 inalazimisha kiti cha mtoto wa chini ya miaka minne kiwe na kengele ya kuzuia kusahau. Bunge la Marekani mwaka 2021 liliagiza kanuni ya magari mapya kumkumbusha dereva aangalie nyuma. Magari mengi tayari yanalia, lakini mengi yanachojua ni kwamba mlango wa nyuma ulifunguliwa kabla ya safari. Hayajui kama kuna mtoto. Ukisimama kuweka mafuta, ukazima na kuwasha tena bila kuufungua mlango ule, mengine hayalii. Gari nalo limepitiwa. Mimi naamini zaidi makubaliano na kituo: mtoto asipofika saa tatu asubuhi wapige simu, kwa mama, kwa baba, kwa shangazi, hadi mtu apokee. Ujumbe wa maandishi hautoshi. Pia kitu usichoweza kuanza kazi bila hicho kikae kiti cha nyuma: beji, simu, kiatu. Hakuna atakayeweza kuhesabu watoto ambao hawakusahauliwa kwa sababu ya kiatu, hilo najua.

Jana nilimpigia yule dada. Ana mtoto wa miezi minane na kazi mbili, moja ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Alinisikiliza bila kunikatiza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Mwishoni akaniuliza kiatu cha mguu gani. Cha kushoto, nikamwambia, wa kulia unauhitaji kwenye breki.