Je, Wajua Kwa Nini Mjane Hupewa Pole na Aliyezaa Nje ya Ndoa Hupewa Lawama?

Tuseme kuna nyumba mbili. Katika kila moja mama analea watoto peke yake: ndiye wa kwanza kuamka, ndiye wa mwisho kulala. Mmoja alifiwa na mume, mwingine hakuwahi kuolewa. Kazi ni ileile, lakini wa kwanza huambiwa "pole", na wa pili huulizwa "baba yao yuko wapi?"

Tofauti hiyo inatokana na jinsi familia ilivyopatikana, si jinsi inavyoishi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Bernard Weiner, alieleza kwamba tunamhurumia mtu tukiona tatizo lake halikuwa mikononi mwake, na tunamkasirikia tukidhani angeweza kuliepuka. Kifo hakichaguliwi. Talaka na uzazi nje ya ndoa huhesabiwa kuwa uamuzi, hata pale mwanamke alipoachwa bila kuulizwa. Ni kweli kwamba mahali pengi mjane naye hunyanyaswa, lakini angalia inavyoanza mara nyingine: anashukiwa kuwa na mkono katika kifo cha mumewe, na papo hapo huruma inakwisha.

Ngazi hizi za huruma zimewahi kuingia hata kwenye sheria. Ayalandi ilipitisha sheria ya pensheni ya wajane mwaka 1935. Mke aliyetelekezwa alisubiri posho yake hadi 1970, na mama asiyeolewa hadi 1973. Watoto wa nyumba zote tatu walikuwa na njaa ileile.

Na hapo ndipo panaponiuma, maana anayeadhibiwa ni mtoto. Susan Golombok wa Chuo Kikuu cha Cambridge amezitafiti familia za namna nyingi tangu miaka ya 1970. Alichokiona ni kwamba ustawi wa mtoto hutegemea zaidi uhusiano wake na wanaomlea, na jinsi jamii inavyowatendea, kuliko idadi au aina ya wazazi waliomo nyumbani. Kwa hiyo lawama ya majirani si maoni tu. Nayo humdhuru mtoto.

Nchini Ubelgiji, Paula Marckx, mwandishi wa habari, alijifungua binti mwaka 1973 bila kuolewa. Kwa sheria ya huko, kumzaa hakukutosha kumfanya mama yake kisheria. Ilimpasa kwanza atangaze rasmi kwamba anamtambua. Hata baada ya hapo, haki za mtoto za urithi zilibaki pungufu, na kwa jamaa wa mama yake alikuwa kama mgeni. Ikabidi Marckx amwasili mtoto aliyemzaa mwenyewe. Akaenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 13 Juni 1979 ikaamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi. Ubelgiji ilirekebisha sheria yake mwaka 1987. Mwaka huohuo Ayalandi nayo ilipitisha sheria ya kuwapa watoto waliozaliwa nje ya ndoa haki sawa na wenzao.