Mtakatifu Paskali Baylón, somo wa wapishi na watunza bustani

Nikifundisha makatekista maisha ya watakatifu, swali la somo wa wapishi, yaani mtakatifu anayewasimamia na kuwaombea, halikosekani, na mara nyingi anayeliuliza ni mama anayepikia parokia. Majina yapo kadhaa. Yupo Laurenti, shemasi wa Roma, ambaye mapokeo yanasema aliuawa kwa kubanikwa juu ya moto. Sikukuu yake ni 10 Agosti. Yupo Marta wa Bethania, 29 Julai. Watunza bustani nao wana Fiacre, mkaapweke kutoka Ireland aliyelima mboga karibu na Meaux, Ufaransa, katika karne ya 7. Lakini mimi humtaja kwanza mtu aliyeshika mwiko na jembe kwa mikono yake mwenyewe: Paskali Baylón, bruda (mtawa asiye padre) Mfransisko wa Hispania.

Alizaliwa Torrehermosa, katika Aragon, 16 Mei 1540, siku ya Pentekoste. Kwao walikuwa maskini, na tangu akiwa na miaka 7 hadi 24 alichunga kondoo. Kusoma alijifunzia malishoni. Alitembea na kitabu cha sala, na kila alipokutana na mpita njia anayejua kusoma alimwomba amwonyeshe herufi. Kengele ya kanisa ilipolia kuashiria mageuzo, pale katika Misa mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, yeye alipiga magoti palepale katikati ya kondoo, uso ameuelekeza kanisani. Naomba msomaji alishike hilo, maana ibada yote kwa Paskali imejengwa hapo: Misa inaendelea, yeye yuko kazini, na bado anashiriki.

Mwaka 1564 aliingia kwa Wafransisko wa urekebisho wa Petro wa Alcántara, tawi la shirika lenye kanuni kali, waliotembea peku na wasiogusa nyama. Ukifikiri kidogo utaona maana yake kwa mpishi. Konventi, yaani nyumba ya watawa, isiyopika nyama, jiko lake linaishi kwa kile kinachotoka bustanini, na jembe likilala, sufuria nalo linalala. Paskali alipewa kazi zote hizo kwa nyakati mbalimbali: kupika, kulima bustani, kuandaa meza za ndugu, kuomba sadaka mitaani, na kukaa mlangoni kama bawabu, ambako maskini walimzoea kwa sababu hawakuondoka mikono mitupu. Upadre aliukataa. Wanasimulia kwamba ndugu mmoja alichungulia chumba cha chakula akamkuta Paskali peke yake, anacheza kwa furaha mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Katika simulizi zote zinazomhusu, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1576 alitumwa Paris kupeleka barua kwa mkuu wa shirika. Njiani Waprotestanti wa Ufaransa walimhoji kuhusu Ekaristi, sakramenti ya Mwili na Damu ya Kristo, akaitetea, wakampiga mawe. Bega lililoumia siku hiyo lilimsumbua hadi mwisho. Alifariki Villarreal, eneo la Valencia, 17 Mei 1592, tena ikiwa Pentekoste. Mapokeo yanasema kwamba katika Misa ya mazishi, Hostia, mkate wa Ekaristi, ilipoinuliwa, macho ya marehemu yalifunguka. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1618 na mtakatifu mwaka 1690, na mwaka 1897 Papa Leo wa 13 alimfanya msimamizi wa vyama vya Ekaristi na wa makongamano yake, mikutano mikubwa ya Wakatoliki ya kuiheshimu Ekaristi.

Wapishi wa Mexico hawakungoja barua ya Papa. Wana kasala kao ka vina, wanamwomba Paskali aje acheze kwenye jiko lao, chakula kikolee, nao watamchezea. Huko New Mexico, Marekani, sanamu yake ya mbao hukaa jikoni kabisa. Obando, nchini Ufilipino, sherehe za 17 hadi 19 Mei huanza na siku yake, na wanandoa wanaotafuta mtoto hucheza barabarani. Torino wanadai kwamba zabaione, kile kinywaji kizito cha viini vya mayai, sukari na divai, ni ubunifu wake. Hilo silikubali, kwa kuwa, ukiacha safari ile ya Paris, maisha yake ya utawa aliyaishi Hispania.

Wapo wanaoziita ibada hizi ushirikina. Mimi sioni kosa la mama kumwomba mtakatifu mchuzi wake ukolee. Kinachonisikitisha ni kumkata Paskali vipande viwili: wa jikoni abaki na wanawake, wa Ekaristi abaki na makongamano. Hata mchoro wa altare ambao Giovanni Battista Tiepolo aliuchora kwa ajili ya kanisa la Aranjuez ulipatwa na hayo, ukakatwa vipande, na Paskali mwenye kuabudu akatenganishwa na malaika aliyemletea Ekaristi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna deni naye. Agosti 1985 Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa lilifanyika Nairobi, na Papa Yohane Paulo wa Pili akaadhimisha Misa ya kulifunga katika bustani ya Uhuru. Msimamizi wa kongamano lile alikuwa huyuhuyu mpishi.

Nenda parokia yoyote siku ya somo wake. Kanisa limejaa, kwaya imewaka, na nyuma ya ukumbi akina mama wamefunga kanga viunoni, macho yanawatoka machozi kwa moshi wa kuni. Mmoja anapeta mchele, mwingine anageuza pilau kwa mwiko mrefu. Kengele ya mageuzo inapolia wanaisikia vizuri kabisa. Wachache husimama, wengi huendelea kukoroga kwa sababu wageni mia tatu watatoka muda si mrefu. Watu hawa ndio wa Paskali hasa, na sijawahi kuridhika na parokia inayowashukuru kwa makofi tu wakati wa matangazo.

Wanaoniomba ushauri huwaambia hivi. Wapishi wapate Misa yao jioni ya mkesha, kabla moto haujawashwa, na majina yao yatajwe katika nia za Misa hiyo. Kesho yake kengele ikilia, anayeshika mwiko abaki na moto na wenzake wapige magoti, kisha wapokezane. Novena ya Paskali, sala ya siku tisa, huanza 8 Mei na kumalizika 16 Mei, na inaweza kusaliwa jikoni wakati maharage yanachemka. Vijana wa bustani ya parokia nao wakaribishwe, kwani mchicha na nyanya za siku hiyo zinatoka kwao.