Moshi wa buluu asubuhi: usiagize turbo kabla ya kujua oili imepita wapi

Gari la turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa) likipigwa starta alfajiri pale Maweni au Barani, hapa Malindi, na wingu la buluu likatoka nyuma, hukumu hutolewa kabla injini haijapata moto: turbo imekufa. Mwenye gari anatumwa Mombasa kutafuta nyingine ya mitumba, inafungwa, na baada ya muda mfupi moshi umerudi vile vile. Pesa imekwenda na ugonjwa haujaguswa. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua, hilo halina ubishi. Linalobishaniwa ni njia iliyopita, na njia hiyo huweza kujulikana kwa gharama ndogo sana.

Dhana: Ni umande tu na baridi ya asubuhi.

Mvuke wa maji ni mweupe, hauna harufu, na hupotea hatua chache tu kutoka kwenye ekzosi. Asubuhi za Malindi, hata kusi ikivuma, si za baridi ya kufanya gari litoe mvuke mzito kama kule bara. Moshi wa oili huelea, huning'inia chini ya mwembe, na unakaba koo. Ukiwa na shaka, shika karatasi nyeupe nyuma ya ekzosi, mbali kidogo usiungue, kwa sekunde kumi hivi. Maji yatakauka yaishe. Oili itaacha vidoa vya mafuta ambavyo havikauki, na ukivisugua kwa kidole vinatelezesha.

Dhana: Gari lina turbo, kwa hivyo kosa ni la turbo.

Hii ndiyo inayokula pesa za watu, kwa hiyo tukae nayo.

Sili za turbo, yaani vizuizi vya oili, si za mpira. Ni ringi nyembamba za chuma, na haziwezi kuzuia oili peke yake. Oili huingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, hulainisha beringi, kisha hushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu kupitia mrija mnene wa kurudishia. Mrija huo ukibanwa, ukiziba kwa oili iliyoganda, au fundi akipaka gundi ya silikoni nyingi kwenye gasketi yake ikamwagikia ndani, oili hukosa pa kwenda na husukumwa kupita ringi hadi kwenye ekzosi. Sampu ikijazwa oili kupita alama ya juu, matokeo ni hayo hayo. Vali ya PCV, inayotoa hewa tumboni mwa injini, ikiziba, hewa iliyobanwa tumboni mwa injini huzuia oili isishuke. Katika hali zote hizi turbo yenyewe huwa nzima, na ukifunga mpya nayo itavuja.

Kisha kuna sili za vali kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Hizo ndizo za mpira, na joto la miaka huzikausha zikawa ngumu. Gari likilala, oili iliyobaki juu ya hedi huteremka taratibu kwenye shina la vali na kukusanyika ndani ya silinda. Ukiwasha, inaungua mara moja.

Kwa hiyo tazama saa ya moshi. Paki jioni mahali tambarare. Asubuhi mwenzako awashe nawe usimame kando ya ekzosi. Wingu likitoka injini inapowaka tu, likadumu sekunde chache kisha likakata, shuku sili za vali kwanza. Oili iliyovujia ndani ya ekzosi kutoka kwenye turbo mara nyingi haitoi moshi papo hapo, kwa kuwa bomba bado ni baridi. Moshi wake huja baada ya dakika moja au mbili bomba likipata moto, na huzidi gari likiachwa linanguruma bila kwenda. Moshi wa ringi za pistoni, pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda, hufuata mguu: ukikanyaga mafuta unaongezeka, hata injini ikiwa imeshapata moto.

Sili za vali zina kipimo cha pili. Malindi hatuna mteremko mrefu, lakini barabara ya Lango Baya ina nafasi ya kutosha. Gari likiwa na moto, nenda gia ya tatu, achia mafuta kabisa gari lipungue mwendo lenyewe, kisha kanyaga. Wingu moja la buluu likitoka wakati wa kukanyaga ni dalili kubwa ya sili za vali.

Ushahidi wa mwisho uko ndani ya bomba. Injini ikiwa baridi, fungua bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo, umulike kwa tochi. Turbo ikiwa imeloa oili upande wa kutokea huku manifoldi (bomba la kukusanya moshi wa silinda) iliyo kabla yake ni kavu, oili inatoka kwenye turbo. Manifoldi ikiwa nayo imeloa, oili inatoka kwenye injini na turbo imesingiziwa. Kipimo hiki kimoja kina thamani kuliko maoni ya mafundi watatu waliosimama nyuma ya gari.

Dhana: Kompresheni iko sawa, basi injini haina kosa.

Kipimo cha kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, hakipimi sili za vali hata kidogo. Sili zinaweza kuwa zimekatika vipande na geji ikasoma vizuri silinda zote. Kipimo hiki kinafaa kwa ringi: injini iwe na moto, plagi zote zitolewe, umeme wa koili na mafuta vikatwe, ekseleta ikanyagwe hadi mwisho. Silinda ikisoma chini, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Usomaji ukipanda sana, ringi zimechoka. Usipopanda, tafuta kosa kwenye vali au gasketi ya hedi. Kwa Subaru kijiko hicho hakiaminiki sana, maana pistoni zimelala na oili hukaa upande mmoja.

Dhana: Subaru za turbo zote hutoa moshi, ni kawaida yake.

Nusu kweli. Kwa kuwa silinda zimelala, gari likiegeshwa limeinama ubavu oili huweza kupenya ringi na kutoa moshi kidogo siku hiyo. Likitoa kila asubuhi hata kwenye sakafu iliyonyooka, hapo kuna kosa.

Dhana: Ekseli ya turbo ikicheza, imekwisha.

Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, beringi huelea juu ya oili. Kisichotakiwa ni ekseli kwenda mbele na nyuma kwa kiasi cha kusikika mkononi, au panga za turbo kugusa nyumba yake. Utando mwembamba wa oili ndani ya hozi za intakula (kipoza hewa ya turbo) nao si kosa. Oili ikiwa imetuama, hiyo ni habari nyingine.

Dhana: Tia oili nzito, moshi utaisha.

Utapungua kwa muda. Lakini oili nzito huchelewa kufika kwenye beringi za turbo asubuhi, na ekseli hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika gari likikimbia. Unaficha moshi wa sili za bei ndogo huku unaua turbo nzima. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Dhana: Sili za vali ni lazima hedi ishuke.

Kwenye injini nyingi zilizosimama wima, fundi mwenye kompresa hujaza hewa kwenye silinda ili vali zisianguke, akabana springi na kubadilisha sili hedi ikiwa mahali pake. Subaru ndiyo ngumu, mara nyingi injini hutolewa.

Na ikithibitika kweli ni turbo, safisha mrija wa kurudishia, badilisha gasketi zake, kagua chujio dogo lililo ndani ya bolti ya oili kwenye Subaru nyingi za injini ya EJ, na ujaze oili kwenye turbo kabla ya kuwasha. Ekzosi itaendelea kutoa moshi hadi oili ya zamani iungue. Endesha hadi Gede urudi kabla ya kulaumu turbo mpya.

Dhana: Dizeli ni hivyo hivyo.

Kwa Prado, Hilux na matatu za Hiace, moshi wa asubuhi ulio kati ya mweupe na buluu na unaochoma macho huwa ni dizeli isiyoungua: kagua hita plagi (za kupasha silinda moto) na injekta kwanza. Ila turbo ya dizeli ikimwaga oili upande wa kuvuta hewa, usiendelee kuliendesha. Injini huweza kujilisha oili yake yenyewe ikapaa mizunguko, na kuzima kwa ufunguo hakutasaidia. Gari la gia za mkono: tia gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi injini ife. La otomatiki: ziba mdomo wa hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja, na kama huna ubao jitenge nalo.