Namba ya kwenye friji si digrii

Nilipohamia Mbagala nilinunua friji la mtumba la mlango mmoja, halina kitabu. Ndani, pembeni ya taa, palikuwa na thamostati ya kuzungusha, namba 1 hadi 7. Nikaiweka 1, nikiamini namba ndogo ndiyo baridi kali. Kesho yake nilipochemsha maziwa yakakatika. Fundi aliyekuja hakuitazama thamostati. Alisema gesi imekwisha, akajaza, akalipwa. Maziwa yakakatika tena. Jirani yangu, mama anayeuza juisi ya ukwaju, ndiye aliyefungua mlango, akachungulia, akazungusha hadi 4. Jioni maji yalikuwa baridi.

Watu wengi bado wanalipia kosa kama lile, ndiyo maana naandika.

Dhana: namba ndogo ndiyo baridi zaidi. Kwenye thamostati ya kuzungusha ni kinyume. Namba ni ukali wa baridi: 1 ni kidogo, 7 ni kali, na 0 mara nyingi ni kuzima. Kwenye friji lenye kioo cha kidijitali mambo yanageuka, maana pale unasoma joto lenyewe, na 2 ni baridi kuliko 6. Ukiona alama ya digrii, au alama ya kutoa upande wa friza, umeshajua uko wapi. Chakula kinataka nyuzi 4 au chini yake kwenye friji, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kwa joto la Dar la Januari, anzia 3 au 4. Weka glasi ya maji rafu ya katikati, uiache mpaka asubuhi. Yakifanya utando wa barafu, punguza. Yakiwa ya uvuguvugu, ongeza namba moja, kisha subiri siku nzima kabla ya kugusa tena. Kukimbilia 7 hakusaidii. Mashine haipumziki, barafu inajaa kwenye kuta za friza, na barafu nene ni kama blanketi: inazuia baridi isitoke, huku uniti za LUKU zinakwenda.

Dhana: gesi ya friji huisha kwa kutumika. Hii inaniuma zaidi, kwa sababu inakula hela za watu wasio nazo. Gesi ya friji haichomwi kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua, pana tundu, na lisipozibwa kwanza, gesi mpya itavuja palepale. Kabla ya kumwita fundi, tazama thamostati, kisha bana noti mlangoni uivute. Ikichomoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka.

Dhana: friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme unapoyumba, ikichelewa kuwasha, imekufa. Umeme ukirudi, kifaa hicho husubiri makusudi, mara nyingi dakika tatu hadi tano, ili presha ndani ya kompresa, pampu inayosukuma gesi ya friji, itulie. Kompresa ikilazimishwa kuwaka papo hapo inaweza kuungua. Usichomoe na kuchomeka tena, maana unaanza kuhesabu upya.

Dhana: kiyoyozi kikiwekwa 16 chumba kinapoa haraka. Namba ya rimoti ni mahali pa kufika, si mwendo. Kiyoyozi cha kawaida kinapuliza baridi ileile kwenye 16 na kwenye 25. Tofauti ni kwamba kwenye 25 kinafika na kompresa inapumzika. Kwenye 16 huenda kisifike usiku kucha. Vile vya inveta hubadili nguvu, lakini navyo ukiviwekea 16 vitahangaika bila kupumzika.

Kikipuliza upepo usio na baridi, tazama picha kwenye rimoti kwanza. Kipande cha theluji ni kupoza, jua ni kupasha joto, mapanga ya feni ni upepo mtupu, sawa na panga boi. Tone la maji ni kukausha unyevu, nalo lina faida wakati wa masika, joto si kali lakini shuka zinanatanata. Mtoto akichezea rimoti, picha hubadilika tu, kifaa hakijaharibika.

Dhana: pasi ya moto ndiyo inayonyoosha. Kila kitambaa kina joto lake, na nukta za kwenye pasi ndizo zinazokuonyesha: moja ni takriban nyuzi 110, mbili 150, tatu 200. Kitenge cha pamba kinavumilia tatu. Ushungi wa poliesta utang'ang'ania pasi. Anza na moja. Kwenye pasi nyingi za mvuke nukta moja haitoshi kugeuza maji kuwa mvuke, ndiyo maana yanadondoka kwenye nguo.

Maikrowevu inayounguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena, haina ubovu. Zilizo nyingi hupunguza moto kwa kuwaka na kuzima kwa zamu.

Dhana: plagi ikiingia, kifaa kinafaa. Hapa panaungua vitu vizuri vilivyotoka kwa ndugu wa ughaibuni. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Wa Marekani ni 120, wa Japani 100, na adapta inabadili umbo la plagi tu, haibadili volti. Geuza kifaa, tafuta kibandiko cha nyuma au chini. Kikisema 100–240V, chomeka. Kikisema 120V peke yake, usikichomeke mpaka upate transfoma inayobeba wati zake.