Je, wajua? Roboti anayezidi kuwa mdogo anaweza kuijaza dunia

Katika kipindi kimoja cha katuni ya Futurama, roboti Bender anajitengenezea nakala mbili ndogo kuliko yeye. Kila nakala inatengeneza nyingine mbili, ndogo zaidi, na hizo nazo zinazaa hivyo hivyo bila kusimama. Profesa anapiga hesabu, kisha anatangaza kwamba nakala hizo zisipozuiwa zitamaliza vitu vyote vilivyo duniani. Hapo ndipo watazamaji wengi wanapokiacha kipindi. Kama kila nakala ni ndogo kuliko iliyoizaa, wanauliza, hatari inatoka wapi? Si zitapungua mpaka ziishe zenyewe?

Hazilazimiki kuisha, na Profesa yuko sahihi. Kipindi kinaitwa Benderama, kilirushwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 2011, na mimi naona kimeonewa.

Kwa asiyeijua katuni yenyewe: ilitungwa na Matt Groening akisaidiana na David X. Cohen, ikaanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1999. Fry, kijana mpeleka piza, anagandishwa usiku wa kuingia mwaka 2000 na kuamka miaka elfu moja baadaye. Anaajiriwa kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo angani, pamoja na Leela mwenye jicho moja, Profesa Farnsworth mzee sana, na Bender, roboti mlevi, mvivu na mwizi. Waandishi wake kadhaa ni wasomi wa sayansi: Cohen alisomea fizikia Harvard, Ken Keeler ana udaktari wa hisabati, Jeff Westbrook ana udaktari wa sayansi ya kompyuta.

Sisi tunaoitazama hapa Bukavu tunaitazama kwa Kifaransa, mara nyingi kutoka flashi inayopita mkono kwa mkono. Na flashi huwa na vile vipindi ambavyo mtu mwingine ameshatuchagulia. Jurassic Bark kimo, kwa sababu ya mbwa yule aliyemngoja Fry. The Late Philip J. Fry kimo, maana kilishinda tuzo ya Emmy mwaka 2011. The Prisoner of Benda kimo, kwa sababu Keeler alitunga na kuthibitisha kanuni halisi ya hisabati ili tu kuimaliza hadithi. Benderama ni nadra kukikuta, na ukikitaja unajibiwa kwamba kile ni cha mchezo tu, hesabu yake haisimami.

Hesabu yake inasimama. Tena ni moja ya hesabu nzuri kuliko zote ambazo mtu asiye mwanahisabati anaweza kuifuata kwa akili yake mwenyewe, bila kalamu.

Hoja ya kwamba vitu vinavyopungua lazima viishe ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni vigumu kuing'oa. Tuseme mama mmoja muuza unga wa muhogo pale Kadutu amekubali kukupimia unga kila siku, na wewe unautia kwenye mfuko mmoja bila kuula. Siku ya kwanza anakupa kopo zima. Siku ya pili nusu kopo, siku ya tatu robo, siku ya nne nusu ya robo. Kila siku anakata kipimo cha jana katikati. Mfuko una kopo 1, kesho yake 1.5, kisha 1.75, kisha 1.875. Angalia kinachotokea: kila siku anajaza nusu ya nafasi iliyobaki kufikia makopo mawili, na nusu nyingine inabaki wazi. Akupimie mpaka vitukuu vyenu, makopo mawili hayatatimia. Huu ndio mfuko ambao mlalamikaji anao kichwani, na kuhusu mfuko huu hajakosea.

Sasa mama abadilishe kanuni kidogo. Siku ya kwanza kopo zima, siku ya pili nusu kopo, lakini siku ya tatu theluthi, siku ya nne robo, siku ya tano sehemu moja ya tano, na kuendelea. Siku ya mia anakupa sehemu moja ya mia ya kopo, kiasi cha kushika kwa vidole. Siku ya elfu ni vumbi. Kipimo kinapungua kila siku bila kukosa, sawasawa na mwanzo. Hata hivyo mfuko huu hauna kikomo. Taja idadi yoyote ya makopo, kumi, elfu, milioni, itafika siku ambayo mfuko utaipita.

Aliyeonyesha jambo hili kwa njia iliyo wazi kabisa ni Mfaransa Nicole Oresme, katika karne ya 14. Alizikusanya siku kwa mafungu. Chukua siku ya tatu na ya nne: theluthi na robo. Theluthi inazidi robo, kwa hiyo zote mbili pamoja zinazidi robo mbili, yaani zinazidi nusu kopo. Chukua siku ya tano mpaka ya nane. Ziko nne, na ndogo yao ni sehemu moja ya nane, kwa hiyo pamoja zinazidi sehemu nne za nane: tena zaidi ya nusu kopo. Siku ya tisa mpaka ya kumi na sita ziko nane, hakuna iliyo chini ya sehemu moja ya kumi na sita: zaidi ya nusu kopo. Kila fungu lina siku mara mbili ya fungu lililotangulia, na kila fungu linaleta zaidi ya nusu. Mafungu hayaishi, basi nusu nazo haziishi, na jumla yake haina mpaka. Uthibitisho wote ni huo.

Jicho linadanganyika kwa sababu mwendo wake ni wa polepole mno. Makopo mawili yanapitwa siku ya 4, matatu siku ya 11, manne siku ya 31, matano siku ya 83. Kumi? Siku ya 12,367, yaani karibu miaka 34 ya kupimiwa. Mtu akiangalia mfuko ule mwaka wa pili ataapa kwamba umesimama, ilhali unaendelea kujaa.

Kanuni ambayo Profesa anaionyesha ndani ya Benderama ni mfuko huo wa pili, herufi kwa herufi. Bender wa kwanza ana uzito wake mzima. Nakala zake mbili zina robo ya uzito kila moja, jumla nusu. Kizazi kinachofuata kina nakala nne, kila moja sehemu moja ya kumi na mbili, jumla theluthi. Halafu nakala nane, kila moja sehemu moja ya thelathini na mbili, jumla robo. Nusu, theluthi, robo, moja ya tano: unga wa yule mama. Na ukilinganisha nakala na iliyoizaa, utaona ujanja ulipo. Nakala ya kizazi cha kwanza ni robo ya mzazi wake, ya kizazi cha pili ni theluthi, ya cha tatu ni tatu za nane, ya cha nne ni mbili za tano, na uwiano huo unazidi kuikaribia nusu. Kila kizazi kinapunja kidogo kuliko kizazi kilichopita. Ndiyo maana jumla haizimiki.

Haki itendeke kwa mlalamikaji pia. Kama mashine ingetumia kipimo kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, tuseme kila nakala iwe na asilimia 60 ya urefu wa mzazi wake, mambo yangegeuka. Kitu chenye asilimia 60 ya urefu, upana na kina kina asilimia 21.6 tu ya uzito. Nakala mbili zinaleta asilimia 43.2, kizazi kinachofuata asilimia 43.2 ya hiyo, na Bender wote wa milele, wakikusanywa pamoja, wasingefika hata uzito wa Bender wawili: wangeishia 1.76. Inashangaza, kwa sababu nakala ya kwanza katika kanuni ya Profesa, ile ya robo ya uzito, ina karibu asilimia 63 ya urefu. Kwa macho, hatua ya kwanza ya njia hizi mbili inafanana. Moja inakufa na nyingine haina mwisho, na tofauti yao inajitokeza baadaye, kwenye vizazi ambavyo huwezi tena kuviona.

Kuna mpaka mwingine, na huu unatoka kwenye fizikia. Unga wa hisabati unagawanyika bila mwisho. Chuma kimeundwa na atomi. Tukimchukulia Bender kuwa kilo 200 za chuma, kizazi cha 84 kingekuwa na roboti wenye atomi moja kila mmoja, na atomi moja haiwezi kuwa na mkono wala kichwa. Mpaka hapo uzito wao wote, pamoja na Bender mwenyewe, ungekuwa mara tano tu ya uzito wa Bender. Tani moja. Kwa hiyo ile kauli kwamba watamaliza vitu vyote vya dunia ni kweli ndani ya hisabati, ila atomi zingewasimamisha mapema sana.

Kwangu mimi, hapa ndipo kipindi kinapostahili heshima ambayo hakijapewa, kwa sababu hadithi yenyewe inauacha uzito na kugeukia idadi. Kizazi cha 65, kwa kipimo kilekile cha kilo 200, kingekuwa na roboti 37 ikifuatwa na sufuri 18, kila mmoja akiwa na atomi karibu laki tisa, mdogo kuliko kirusi cha korona. Uzito wao wote hautishi mtu. Wingi wao unatisha, kwa sababu viumbe wa kimo hicho wanaweza kushika molekuli moja moja. Na ndivyo wanavyofanya: Bender wadogo kabisa wanayapanga upya maji ya dunia, molekuli kwa molekuli, yawe pombe, na watu wote wanalewa.

Je, hilo lingewezekana? Molekuli ya pombe ina kaboni mbili, hidrojeni sita na oksijeni moja. Maji hayana kaboni hata chembe, kwa hiyo wangelazimika kuitafuta nje. Ziwa letu la Kivu ni mahali pazuri pa kupimia, kwa kuwa kaboni limeshajiwekea chini: takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikipimwa kwa shinikizo la kawaida la hewa, zimeyeyuka katika maji ya kina. Ni hazina kubwa, na upande wa Rwanda methani hiyo inatolewa kuzalisha umeme. Nimeipigia hesabu. Kaboni yote hiyo ikigeuzwa pombe na kuchanganywa na maji ya ziwa zima, ambayo yanazidi kilomita za ujazo 500, isingefikia hata asilimia 0.1. Bia ya kawaida ina takriban asilimia 5. Hata Kivu, pamoja na gesi yake yote, lisingemlewesha mtu wa Bukavu wala wa Goma.

Kipindi kina udhaifu wake. Kuna jitu moja lenye sura mbaya linalokuja kutoka angani, na dakika nyingi zinakwenda kwenye ugomvi wake na walevi. Lakini likiondolewa, Bender wadogo wasingekuwa na sababu ya kuungana tena kuwa Bender mmoja mkubwa, na kuungana huko ndiko kunakufanya uione ile jumla kwa macho, vumbi likirudi kuwa kilima.

Hata jina la mashine limechaguliwa kwa makini. Inaitwa Banach-Tarski Dupla-Shrinker. Mwaka 1924, Stefan Banach na Alfred Tarski wa Poland walithibitisha kwamba mpira wa kihisabati unaweza kugawanywa katika vipande vyenye idadi inayohesabika hadi mwisho, vipande hivyo vikapangwa upya bila kunyooshwa, na ikapatikana mipira miwili yenye ukubwa uleule wa ule mmoja. Mpira wa ngozi hauwezi kufanywa hivyo, kwa sababu zile zile za atomi. Waandishi walijua wanachokitaja.

Kwa hiyo unaponakili flashi, omba Benderama kiwemo. Omba na The Route of All Evil cha mwaka 2002, nacho hakitajwi sana: ndani yake kuna duka lenye bia iliyowekwa ndani ya chupa za Klein, umbo alilolieleza Mjerumani Felix Klein mwaka 1882, ambalo uso wake hauna upande wa ndani wala upande wa nje.