Jicho kucheza na uso kucheza: ni kitu kimoja?

Jana nilikaa barazani kwa fundi cherehani mmoja hapa Moshi mjini. Kope yake ya chini, upande wa kushoto, ilikuwa inarukaruka hadi kutunga uzi kukamshinda. Muuza kahawa akamwangalia, akatikisa kichwa: "Meku, la kushoto, tena la chini! Utalia wewe." Kisha akammiminia kikombe cha nne.

Mimi msiba sikuuona. Nilikiona kikombe.

Jicho kucheza ni nyuzi za msuli wa kope kujikaza na kulegea zenyewe, bila mwenye jicho kutaka. Mboni imetulia, kinachocheza ni kope, mara nyingi ya chini na ya upande mmoja. Aliyekaa mbele yako huenda asione chochote, ilhali wewe unahisi mtaa mzima unakutazama. Huletwa na usingizi haba, uchovu, mawazo, kahawa nyingi, au macho kukauka kwa kukodolea kitu kimoja. Fundi wangu alikuwa navyo karibu vyote, maana ni msimu wa sare za shule na hulala saa nane usiku. Dawa yake ni kulala, kupunguza kahawa, na kuweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kope. Huisha kwa siku au wiki chache, bila kidonge chochote.

Sasa, neno hilohilo "kucheza" tunalitumia pia kwa ugonjwa mwingine kabisa, uso kucheza. Huu nao huanzia kwenye kope, ndiyo maana hudanganya. Baada ya miezi au hata miaka hushuka shavuni mpaka pembe ya mdomo, kwa kawaida upande mmoja tu: jicho linajifumba, mdomo unavutwa. Hata mtu akilala, uso unaweza kuendelea kucheza.

Kiswahili huita vyote mshipa, uwe wa damu au wa fahamu. Hapa inafaa sana, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni mshipa kuulalia mshipa: wa damu unaubana wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, pale unapotokea kwenye shina la ubongo. Ukibanwa hivyo kwa muda mrefu, hupeleka kwenye misuli amri ambazo hakuna aliyezitoa. Mara chache kinachobana ni uvimbe, ndiyo sababu daktari huagiza MRI, picha ya ndani ya kichwa.

Tiba inayotumika zaidi ni sindano ya botulinum. Ni sumu ya bakteria, ndiyo, ila kwa kipimo kidogo mno, na kazi yake ni kuzuia ujumbe wa mshipa wa fahamu usifike kwenye msuli. Nguvu yake hudumu miezi mitatu hivi, kisha unachomwa tena; kope inaweza kulegea kwa muda. Wengine hupewa karbamazepini, ileile ya kifafa, lakini haiwasaidii wote. Upasuaji upo pia: daktari hupitia nyuma ya sikio na kuweka kijipande laini kati ya mishipa hiyo miwili. Kwetu huku safari hiyo huanzia hospitali ya wilaya au ile ya mkoa, Mawenzi, ndipo upate rufaa ya KCMC, hospitali ya kanda.

Macho yote mawili yakijifumba kwa nguvu hadi ushindwe kuona njia, hilo ni jingine tena, ingawa sindano ni hiyohiyo. Mtoto anayekonyeza au kukunja pua kila mara naye mwacheni, kumgombeza humzidishia.

Nenda hospitali kope ikicheza zaidi ya wiki tatu, ikianza kujifumba yenyewe au shavu likifuata. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usingoje hata kuche: hicho kinaweza kuwa kiharusi.